Mteremko wa Bi Tunu

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja, maana wenyeji wake ni watu wa haya na hawapendi kusifiwa hadharani. Nchi nyingine zina dhahabu, nyingine zina mafuta. Hii ina huruma. Tena huruma ya kumwaga, mpaka ikabidi iundiwe wizara yake. Wizara ya Huruma imejengwa bondeni, katikati ya mji, jengo refu la vioo vya buluu lenye ngazi za marumaru mbele, na juu ya mlango pameandikwa kwa herufi za shaba: HATUTAKI UTESEKE.

Kilimani, katika mtaa uitwao Juu kwa Juu, aliishi Bi Tunu, fundi wa hina. Miguu yake iliacha kazi tangu angali mtoto, na alishaizoea hali hiyo hata siku nyingine huisahau, mpaka atokee mtu wa kumkumbusha kwa kumsikitikia. Mikono yake ilikuwa habari nyingine kabisa. Hakuna bibi harusi aliyejiheshimu katika mji ule aliyekubali kutoka bila maua ya Bi Tunu viganjani. Na ilikuwa desturi ya Juu kwa Juu kwamba ndugu wa kiume wa bibi harusi waje wenyewe kumchukua fundi, wamsukume kwenye kiti chake cha magurudumu mtaa hadi mtaa, wakipiga ngoma, naye amekaa na kikapu chake mapajani akiwaamrisha: kushoto, kulia, angalia shimo hilo, mna macho ya nini nyinyi!

Basi gurudumu la kushoto likavunjika. Hilo tu. Mambo yote nitakayowasimulia, pamoja na Waziri, Tume, mbuzi na pilau, yalianzia kwenye gurudumu la kushoto.

* * *

Mdogo wake, Machano, alimpakia kwenye mkokoteni wa kuuzia mananasi, akamteremsha mpaka wizarani. Machano alikuwa mtu mpole, wa kukubaliana na kila anayesema, na mara nyingi alikubaliana na watu wawili wanaopingana kwa wakati mmoja.

Ofisi ya Viti vya Magurudumu ilikuwa ghorofa ya juu kabisa. Lifti ilikuwepo, lakini haikufanya kazi tangu siku ilipozinduliwa, kwa sababu utepe aliokata Waziri ulivutwa ndani ya mashine na bado ulikuwa unatafutwa. Ngazi za marumaru ziling'aa, zikapanda zikapotelea juu.

"Sasa?" akauliza Bi Tunu.

"Sasa ndiyo hivyo, dada," akasema Machano.

Ubavuni mwa jengo, hata hivyo, palikuwa na mlango mmoja wa pekee. Mbele yake mteremko wa zege ulipanda taratibu, mpana, laini, wenye vyuma vya kushikilia pande zote mbili na vyungu vya asumini. Kwa miaka mingi Bi Tunu alikuwa ameomba mteremko wa namna hiyo benki, posta, sokoni na hospitalini. Akauangalia kwa uchu wa fundi anapoona kazi nzuri ya fundi mwenzake.

"Kumbe wanajua kujenga," akasema. "Nipandishe, Machano."

Huko juu akapokewa na Bwana Sifuni, Afisa Mwandamizi wa Huruma, kijana mwenye suti ya kijivu na leso mkononi. Aliinama mpaka uso wake ukalingana na wa mgeni, kama walivyofundishwa kwenye semina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya gurudumu."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Gurudumu la kushoto."

Bwana Sifuni akafuta jicho. "Mama, hapa ni Idara ya Mapumziko. Kwa mujibu wa Sheria ya Kupumzika kwa Heshima, mwananchi anayepitia mateso yasiyovumilika husaidiwa kuondoka duniani bila maumivu, bila bughudha, na kwa hiari yake. Karibu sana."

"Mimi sina mateso. Nina gurudumu bovu."

Bwana Sifuni akamgeukia msaidizi wake, akamwambia kwa sauti ya chini, yenye heshima: "Hatua ya Kukana."

* * *

Hapa inafaa nieleze sheria hiyo, nisije nikaonekana naidharau. Mwanzoni iliwahusu wagonjwa walio mahututi, ambao dawa zote zimeshindwa kuwapunguzia maumivu, na wengi walioipigia kura walikuwa na nia njema. Nasema hivyo bila kutania. Lakini huruma ya nchi ile haikai ndani ya uzio. Baada ya muda mfupi bunge likauliza: na wasio mahututi, je, hao hawastahili huruma? Likaundwa jopo la wataalamu ili litafiti ni watu gani wengine wanateseka bila kujua.

Jopo lilikuwa na wajumbe wenye afya njema, maana ilisemekana wenye ulemavu wangependelea upande mmoja. Ili utafiti uwe wa kina, Mheshimiwa Waziri, Daktari Mhandisi Nyamkara, alikubali yeye mwenyewe kukaa kwenye kiti cha magurudumu kuanzia chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana. Alijaribu kwenda msalani akakuta ngazi. Alijaribu kwenda kwenye gari lake akakuta ngazi. Alipoletewa chakula akawa analia waziwazi mbele ya kamera.

"Ndugu wananchi," akasema, "haya si maisha. Mimi ningeomba kupumzika!"

Mtu mmoja nyuma ya ukumbi aliuliza kama haingekuwa rahisi zaidi kuondoa ngazi. Akaelezwa kwamba suala la ngazi liko chini ya wizara nyingine.

Nchi za nje ziliingiwa na wasiwasi kidogo, zikauliza: je, watu hawatalazimishwa? Ndipo kikaongezwa kile kifungu ambacho ni fahari ya taifa hilo mpaka leo, na watoto wanakikariri shuleni: Hakuna Atakayesukumwa. Mwenye kuomba kupumzika ni lazima apande mteremko mwenyewe, kwa nguvu zake, bila mkono wa mtu yeyote kugusa kiti chake. Na ili pasiwe na mwanya, ikawa ni kosa la jinai kumsukuma mtu mwenye kiti cha magurudumu mahali popote nchini, kwa sababu yoyote.

Hivyo ndivyo desturi ya Juu kwa Juu ilivyokufa. Ndugu wa maharusi waliposikia habari za jela waliweka ngoma zao chini.

* * *

Bi Tunu alirudi idarani tena na tena, kwa kuwa huo ndio mlango pekee alioweza kuingia. Kila mara aliomba gurudumu, na kila mara aliandikwa kuwa amepiga hatua. Alipokataa kwa upole, ilikuwa Hatua ya Kukana. Alipomwambia Bwana Sifuni kwamba ana kichwa cha nazi, tena ile isiyo na tui, ilikuwa Hatua ya Hasira. Siku moja alichoka, akanyamaza tu akiangalia asumini. Idara nzima ikasimama kwa furaha: mama amefika Hatua ya Kuridhia.

Siku hiyo hiyo aliingia kijana mmoja, mrefu, mzima wa mwili, macho yamemvimba. Akasema mchumba wake ameolewa na mtu mwingine, hataki tena kuishi, anaomba apumzishwe.

Mungu wangu, jinsi walivyomkimbilia! Mmoja alimshika bega, mwingine akamletea chai ya maziwa na mkate wa kumimina. Bwana Sifuni alipiga magoti mbele yake.

"Usiseme hivyo, ndugu yangu! Wewe una maisha mbele yako. Haya ni mawingu tu, yatapita. Nani yupo nyumbani? Tusikuache peke yako." Akaitwa mshauri nasaha. Akaitwa mama yake. Kabla chai haijapoa walishamtafutia kazi ya kuandika kumbukumbu kwenye kitengo cha lifti.

Bi Tunu alifurahi kwa ajili ya kijana yule, kweli alifurahi. Ndivyo mtu anavyopaswa kushikwa anapoyumba. Lakini alimvuta Bwana Sifuni mkono wa suti.

"Bwana Sifuni," akasema, "huyu kasema anataka kufa, mmemng'ang'ania aishi. Mimi nasema nataka kuishi. Mbona mimi hamning'ang'anii?"

Bwana Sifuni alimtazama kwa upendo wote uliomo katika mwongozo wa kazi.

"Mama," akasema, "yeye ana matatizo."

* * *

Habari za Hatua ya Kuridhia zilifika Juu kwa Juu kabla ya Bi Tunu mwenyewe, na kabla mkokoteni haujasimama mlangoni kamati ilishakaa.

Wasomaji wa nchi nyingine wanisamehe, maana wanaweza wasielewe uzito wa jambo hili. Pale Juu kwa Juu kamati ikishaundwa, iwe ya harusi au ya msiba, haivunjwi. Hakuna anayejua inavunjwaje. Inaweza tu kufikia mwisho wake, na mwisho wake ni pilau. Mwenyekiti alikuwa Mama Zeyana, jirani na shoga wa Bi Tunu tangu ujana, mwanamke mnene, mcheshi, aliyeweza kulia na kugawa kazi kwa wakati mmoja.

Bi Tunu alipoomba mtaa umsaidie gurudumu, kila mtu alikuwa na mwezi mgumu. Sasa mchele ulikuja kwa magunia. Walikuja mbuzi. Yalikuja maturubai, spika, na sare za vitenge zenye maneno TUNAKUAGA TUNU WETU. Mtu aliyemkatalia nati moja alijitolea kuleta bendi.

"Zeyana, shoga yangu," Bi Tunu akamwambia, "mimi siendi popote."

"Najua, najua," Mama Zeyana akamjibu huku akimpapasa mgongo, machozi yanamtoka. "Hata marehemu mama alisema hivyohivyo. Hebu niambie, pilau unaipenda na zabibu au bila zabibu?"

"Nakwambia siendi!"

"Tutaweka zabibu kidogo."

Bi Tunu akamgeukia mdogo wake. "Machano, na wewe?"

Machano akaangalia chini. Alikuwa amembeba dada yake tangu baba yao afariki, naye alimpenda, na alikuwa amechoka, na kwa mara ya kwanza watu wote walikuwa wakimwambia kwamba kuchoka kwake ni jambo la heshima. "Mimi nakubaliana na unalotaka, dada," akasema. "Ila watu wameshanunua mbuzi."

Jambo moja tu lilimtia Bi Tunu nguvu. Bwana Sifuni alikuja na habari kwamba siku ya siku wizara itampa kiti kipya cha magurudumu, chepesi, cha kisasa, ili aweze kupanda mteremko mwenyewe bila kuvunja kifungu. Atakabidhiwa pale chini ya mteremko, naye atakirudisha kule juu.

Bi Tunu akauliza: "Nikishakikalia, hakuna atakayekigusa?"

"Hakuna, mama. Ni kosa la jinai."

Bi Tunu akamshukuru. Moyoni alikuwa ameshapanga kila kitu. Atakikalia. Atageuza. Atarudi zake nyumbani na kiti chake, na wakome.

* * *

Siku ya kuagwa walimtia hina. Walimleta fundi mwingine, msichana mwenye mkono mzito, na Bi Tunu alimvumilia mpaka ua la tatu lilipopinda. Akamnyang'anya kijiti akamalizia mwenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele na kusema ameridhia kweli, angalieni anavyojipamba.

Alipotafuta kiti chake cha zamani, hakukiona. Kamati ilikuwa na upungufu wa mafiga, na fremu yake ilionekana inafaa sana kuinjikia sufuria kubwa. Akaiona pale uani, moto chini, pilau juu, raba zimeshayeyuka.

Wizarani palijaa watu. Mheshimiwa Waziri alihutubia. "Ndugu wananchi! Taifa lisilojua kuaga si taifa! Mama huyu hakuwahi kutembea, lakini leo anatutangulia sote!" Bendi ikapiga. Kisha Bwana Sifuni akafunua kitambaa, na kiti kikaonekana.

Kilikuwa kizuri. Sina la kuongeza wala la kutania hapo. Kilikuwa chepesi, chekundu, na kilimkaa Bi Tunu mwilini kama nguo aliyopimiwa. Alipogusa magurudumu tu kikaitika. Alikuwa hajakwenda popote kwa mikono yake tangu gurudumu lilipovunjika, na sasa machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Kisha akageuza.

Aliupa mteremko mgongo, akakata uwanja wa wizara kwa kasi, vitenge vikipisha kushoto na kulia. Watu walidhani ni sehemu ya sherehe, wakapiga makofi. Akalipita jukwaa. Akalipita gari la Waziri. Alikuwa anacheka kwa sauti.

Na hapo zege likaisha.

Miaka yote alipita kwenye mchanga ule bila kuuona, kwa kuwa kulikuwa na vijana wanne nyuma yake na ngoma. Katika kupanga kwake kote hakuukumbuka hata mara moja. Magurudumu ya mbele yakazama, kiti kikainama, kikasimama. Akasukuma kwa nguvu zote, yakazama zaidi. Hata nyuma hayakurudi.

Watu wakaja kumzunguka, kwa adabu, wakiacha nafasi.

"Nisukumeni," akasema. "Nipelekeni nyumbani. Machano!"

Machano alipiga hatua moja. Askari akakohoa. Machano akarudi nyuma.

"Sheria, dada," akasema.

"Zeyana!"

Mama Zeyana alikuwa analia sana. "Shoga, pilau inaungua," akasema, na kwa kweli harufu ilikuwa inateremka kutoka kilimani.

Wakamwacha pale. Si kwa ubaya. Walikwenda kula, kwa sababu kamati ni lazima ifike mwisho wake, na walimwekea sahani yake, ikafunikwa vizuri. Yeye alikaa juani, magurudumu mchangani, mpaka wizara ilipofunga. Ndipo akateremshwa kwenye kiti, kwa kuwa kiti ni mali ya serikali, akapakiwa kwenye mkokoteni, kwa kuwa sheria haikutaja mikokoteni, akarudishwa nyumbani kama nanasi lililokosa mnunuzi.

* * *

Taifa halikukasirika. Taifa lile halikasiriki. Iliundwa Tume kuchunguza kwa nini mwananchi aliyefika Hatua ya Kuridhia alishindwa kufika mlangoni. Tume haikumwuliza Bi Tunu, ili isimwongezee uchungu. Ilipima mchanga, ikapima kilima, ikapima uwanja, na ripoti yake ikasomwa bungeni watu wamesimama: mama yule alikwamishwa na miundombinu mibovu. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo serikali kukiri kwamba miundombinu inawakwamisha wenye ulemavu, na wabunge wengi walitokwa na machozi.

Asubuhi iliyofuata Bi Tunu aliamshwa na mlio wa mashine ya kuchanganya zege.

Walifanya kazi kwa kasi ambayo nchi haijapata kuiona. Njia ilitoka bondeni, ikapita juu ya mchanga kwa nguzo, ikapita juu ya mitaro, ikapanda kilima mpaka kizingitini kwa Bi Tunu. Wakavunja kizingiti. Wakaingia ndani, wakasakafia chumba chake ili kiende sambamba na njia. Mhandisi alieleza kwa fahari kwamba hakuna mahali popote palipo tambarare: kuanzia ukuta wa nyuma wa chumba cha mama mpaka ndani ya Idara ya Mapumziko, ni mteremko mtupu, wa kuelekea chini, ili mama asihangaike hata kuzungusha gurudumu. Kule mwisho waliweka zulia. Njia ni ya upande mmoja, na kibao kinasema hivyo.

Na kiti chekundu akapewa, kiwe chake moja kwa moja. Hakina breki. Wataalamu hawakuona kama zitahitajika.

Mtaa mzima ulishangilia. Mama Zeyana alikuja kumkumbatia. "Shoga, umetuletea maendeleo! Juu kwa Juu tumeomba barabara tangu tunazaliwa." Kisha, kwa sauti ya chini ya mtu anayeulizia ratiba tu: "Unadhani utatoka lini? Maana kamati bado ina mchele."

Ukiweka mkeka katika chumba kile, unateleza taratibu kuelekea mlangoni. Kwanza Bi Tunu alijifunga kwa kanga kwenye nondo za dirisha. Wakaja watu wa wizara, wapole, wakang'oa nondo, maana ni vizuizi. Aliweka mawe mbele ya magurudumu. Yakafagiliwa kila asubuhi. Sasa hushika mwimo wa mlango. Ameushika mchana, ameushika jioni, anasalimiana na wapita njia, na wengi humsifu kwa jinsi anavyoonekana amepumzika.

Juzi alikuja binti mmoja na mama yake, wamepanda kwa miguu pembeni mwa njia, wakiwa na hina iliyokwishapondwa. Harusi ni Ijumaa. Binti hakutaka fundi mwingine. Akakaa chini mbele ya kiti chekundu, akanyoosha viganja vyote viwili, akasubiri.

"Nishikie hapo mwanangu, hicho kiganja kikae sawa," Bi Tunu akamwambia. "Mimi nina mkono mmoja tu leo."

Mkono wa kushoto ukabaki kwenye mwimo. Kwa mkono wa kulia akaanza kuchora: shina, jani, ua. Mistari ilinyooka kama zamani. Binti akatabasamu, mama yake akasema mashallah. Kiganja cha kwanza kikakamilika, na walipokuwa wanageuza kuanza cha pili, vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kutetemeka juu ya mbao.

Chini kule, mwisho wa njia, mlango ulikuwa wazi, na Bwana Sifuni alikuwa amekaa kivulini karibu na asumini, mikono ameipakata, hana haraka yoyote.